Je, Shida Yaweza Kuwa Sababu ya Kuacha Sala?



Kuna neno ambalo nalisikia mara nyingi njiani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa watu wakiisha kutoka ibadani. Neno lenyewe ni hili: "Sala ni ya mtu mwenye nafasi. Mimi mtoto wangu mgonjwa, kahawa yangu imeshikwa na chulebuni, ndugu zangu wananicheka, nitasalije?" Wasemao hivi si watu wasiolijua Neno. Wamebatizwa, na wengine nimesoma nao darasa moja. Nao hulisema kana kwamba ni hoja isiyojibika. Mimi nasema ni hoja dhaifu, tena ni ya hatari, na leo nataka kuijibu.

Kwanza na tuutazame mfongo, kitu ambacho kila mtu wa Machame akijua. Wazee wetu waliyatoa maji katika vijito vya mlimani, wakayapitisha kando ya vilima hata yakafika vihambani. Lakini mfongo haujitunzi wenyewe. Mawe huporomoka, majani huziba, kingo hubomoka. Kwa hiyo watu huitwa siku iliyowekwa, kila mtu na jembe lake, naye asiyetokea hutozwa faini. Je, umepata kumsikia mzee akisema, "Mwaka huu jua ni kali mno, basi tuuache mfongo mpaka mvua zirudi"? Hata watoto wangemcheka, maana mfongo ulichimbwa kwa ajili ya jua. Nasi tunaomcheka mzee huyo twafanya yaleyale katika sala: mvua ikinyesha twasali, jua likiwaka twaacha.

Pili, wako wasemao kwamba Wakristo wa zamani walidumu kwa kuwa walikuwa na wamisionari wa kuwashika mkono. Hao hawajui habari za nyumbani kwao. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1920, serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari Wajerumani katika nchi hii, wala hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Hapo katikati Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache, na mlima ni mkubwa. Ni nani basi aliyewakusanya watu? Ni walimu wa shule na wazee wa kanisa, watu wasio na daraja ya uchungaji. Marangu alikuwako Filipo Njau. Hapa Machame alikuwako Solomon Nkya, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wachungaji wa kwanza wa Kichaga. Walifundisha watoto, waliwazika wafu, waliongoza sala. Kama shida ingekuwa sababu ya kuacha, wao walikuwa nayo tele. Wasingeshika, ni nani kati yetu angekuwa anasoma gazeti hili?

Tatu, yuko asemaye, "Mimi napingwa." Namhurumia kwa kweli, maana kupingwa na watu wa nyumba yako ni kuchungu. Lakini na akumbuke Akeri, huko Meru. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa pale, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Serikali ya Kijerumani ikalipiza kisasi kikali juu ya watu wa Meru. Si kisasi kile kilichofungua mioyo. Mwaka 1902 walikwenda wengine, wakajenga Nkoaranga, wakakaa na watu kwa uvumilivu. Na leo kengele za makanisa zasikika Meru nzima. Basi mpinzani wako hashindwi kwa ugomvi, wala hashindwi kwa wewe kunyamaza. Danieli alipokatazwa kusali hakuanza desturi mpya siku ile. Alikwenda tu dirishani kama siku zote. Nguvu yake ilikuwa katika siku zile za nyuma, ambazo hakuna aliyemkataza.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: "Nimesali, sikujibiwa." Kisha usiku mtu huyo hushika njia ya kwa mganga, na Jumapili humwona kitini mbele. Ndugu yangu, umeifanya sala kuwa fedha ya dukani: umetoa, hukupewa bidhaa, basi wahamia duka la pili. Mganga ana bei, ndiyo sababu wamwelewa upesi. Mungu hana bei. Ni Baba, na mtoto hamhami baba yake kwa kuwa amenyimwa kitu.

Msidhani nasema haya kwa kujiona mwema. Mwaka mmoja mtoto wangu wa pili aliugua muda mrefu. Jioni nilirudi nimechoka, nikaiacha sala ya nyumbani, nikijiambia kwamba Mungu anajua. Usiku mmoja mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, taa ya kusahihishia madaftari yawaka kila siku; ya sala imekosa mafuta?" Sikuwa na jibu. Tukaanza tena usiku uleule. Mtoto hakupona, tulimzika kihambani kabla ya masika.

Najua atatokea wa kuniuliza, "Basi sala ilikufaa nini?" Namjibu hivi. Siku ile ya maziko nyumba yetu ilikuwa na maneno ya kusema kwa pamoja, kwa kuwa tulikuwa tumeyazoea. Mke wangu alianza, watoto wakafuata, nami ambaye sauti ilinikatika nikabebwa na sauti zao. Laiti tungekuwa tumeyaacha, kila mmoja angalilia peke yake pembeni. Sisemi kwamba sala huondoa kaburi. Nasema kwamba ilituweka pamoja mbele ya Mungu, kaburi likiwa wazi.

Wala sala haichukui nafasi ya kazi. Mgonjwa na apelekwe hospitali, kahawa na ipigwe dawa, jirani mwenye njaa na apewe ndizi. Asaliye huku mikono imekunjwa hujidanganya.

Kwa hiyo nawasihi: wekeni saa, kama ilivyowekwa siku ya mfongo. Msingoje moyo upende, maana moyo wa mwenye shida haupendi kitu. Jirani yako asipotokea, usimtete, bali kamwite mlangoni kwake. Yule mjane wa Injili alimrudia kadhi dhalimu mara nyingi mpaka akapata haki yake. Sisi twamwendea Baba mwema, nasi twachoka mara ya pili! Na tuone haya, ndugu zangu, tushike majembe yetu. Jua ni kali, na mfongo wataka watu.