Jagi la Dirishani: Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Wazee

Mheshimiwa Waziri,

Naomba ruhusa nikushughulishe na jambo ambalo mbele ya mizigo mingine ya serikali laweza kuonekana dogo, nalo ni jagi la maji.

Nililiona katika makazi ya wazee ambayo sitayataja, maana nia yangu si kumshitaki mtu. Yumo humo maalimu aliyenifundisha kusoma nikiwa mtoto, ambaye kudura imempa umri mrefu kuliko wa wanawe wote, kisha ikamwondolea nguvu za miguu. Nami humzuru kila nipatapo nafasi. Siku hiyo nilifika baada ya alasiri, nikakuta jagi la plastiki la buluu, limejaa, limefunikwa kisahani, limewekwa dirishani, safi kabisa, hatua mbili kutoka kitandani pa mtu asiyeweza kupiga hata hatua moja. Midomo yake ilikuwa imekauka hata ikapasuka. Nilipomuuliza amekunywa maji lini, alinijibu kwa staha yake ya siku zote kwamba alikunywa asubuhi, na kwamba hapendi kuwaudhi wasaidizi, kwa kuwa kazi zao ni nyingi. Nilimnywesha vikombe viwili, polepole, na baada ya muda akaniuliza habari za mama yangu, ambaye mwanzo wa mazungumzo hakumkumbuka kabisa.

Nilipopita ofisini kuaga, niliona fomu ya ukaguzi imebandikwa ukutani. Mbele ya maneno "maji safi ya kunywa" palikuwa na alama ya vema. Wala mkaguzi hakusema uongo, Mheshimiwa, maji yalikuwapo.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, tabibu mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika makala ambayo wapimaji wa huduma za afya hawajaacha kuirejea hadi leo. Alisema kwamba ubora wa matunzo waweza kutazamwa kwa njia tatu: kwanza watu na vyombo vilivyopo, pili kazi yenyewe inavyotendwa, na tatu hali ambayo mtunzwaji hubaki nayo baada ya kutendewa. Nionavyo mimi, ukaguzi wetu huingia kwa njia ya kwanza, ukahesabu vitanda, vyandarua, vyoo na magodoro, kisha ukapanda gari ukaenda zake. Vitu hivyo vina haki ya kuhesabiwa, lakini mzee haishi katika hesabu ya vitanda.

Angalia kile ambacho kingeonekana kama mkaguzi angekawia kidogo. Mwili wa mzee hauna desturi ya kupiga kelele. Kiu humpungua kabla haja ya maji haijapungua, na akikaukiwa maji mwilini aweza kuanza kuchanganya majina na nyakati, na jamaa waliomzunguka wakasema ni uzee, wakaridhika. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, vinginevyo ngozi ya nyonga na ya visigino hubadilika rangi, kisha huchubuka, kisha huoza hadi mfupani; nalo donda la namna hiyo ni shahidi asiyehongeka, kwani hakuna ripoti iwezayo kulifuta. Uzito nao husema kweli: mzee wa kilo 50 akipungua kilo mbili na nusu kwa mwezi mmoja bila kukusudia, hiyo ni hatari ya kuchunguzwa. Lakini nani atajua kwamba zimepungua, ikiwa mizani haipo, au ipo stoo pamoja na majembe?

Siwalaumu wasaidizi. Nimemwona mmoja, usiku, peke yake na vyumba viwili vya watu wasioinuka, akikimbia huku na huku na beseni mkononi, na jasho likimtoka kama mchukuzi wa bandarini. Kumwambia huyo awe na huruma zaidi ni kumdhulumu.

Nasikitika zaidi kwa ajili ya tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ambapo makazi hupakwa chokaa, wageni wakaja na mchele na sabuni, na kila mtu akapigwa picha. Mwaka mmoja nilimwona babu akikabidhiwa doti ya khanga mbele ya kamera, akashukuru kwa adabu kubwa, na hakuna aliyecheka.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele, na makazi yakafanywa kuwa hatua ya mwisho. Hayo ni maneno ya insafu, ila yana uzito ambao sidhani kuwa tumeupima: aliyefikishwa katika hatua ya mwisho ndiye asiye na mwana wala mpwa wa kuingia ghafla, akafunua shuka, akauliza kulikoni. Kwa mtu huyo, Mheshimiwa, mkaguzi wako ndiye aila yake.

Kwa hiyo nakuomba umtume kama aila, aje magharibi au alfajiri bila kupeleka taarifa, aje na mizani na daftari lenye uzito wa mwezi uliopita, atazame visigino kabla ya vitanda, na aketi na mzee mmoja mmoja pasipo msimamizi kusikia, akimpa muda wa kutosha, kwa sababu wazee wetu hawashitaki katika dakika tano za kwanza.

Siku ile, kabla sijaondoka, nililiweka lile jagi juu ya kiti, karibu na mkono wa kulia wa maalimu wangu. Niliporudi baada ya siku tisa, nililikuta dirishani.

Wasalaam,
Mwanafunzi wake