Kandanda ya chekechea haihitaji kombe

Msemo wa samaki mkunje angali mbichi umetumiwa vibaya katika viwanja vya shule zetu za chekechea. Kwa kuutegemea, baadhi ya walimu na wazazi huwapanga watoto wa miaka minne katika timu mbili, wakawavika jezi, wakaweka kombe mezani, kisha wakasimama kando ya mstari wakiwakemea kana kwamba wanaitazama Harambee Stars. Mlinda-lango aliyekuwa akimwangalia kipepeo mpira ulipopita huondoka uwanjani akilia, na afikapo nyumbani hupokewa kwa swali moja tu: mmefungwa mangapi?

Yeyote aliyewahi kuwatazama watoto wa umri huo anajua kwamba mpira mmoja ukitupwa kati ya watoto ishirini, wote huuandama kama nyuki waliochokozwa. Hapana winga wala beki. Hilo si kosa la mafunzo. Mtoto wa miaka minne bado hajakomaa kiasi cha kuona kwamba mpira alio nao ungefaa zaidi miguuni mwa mwenzake, na kumwamrisha atoe pasi ni kumdai asichokuwa nacho. Matokeo yake ni kwamba watatu au wanne wenye mbio ndio waugusao mpira. Waliosalia, aghalabu wasichana na wale wadogo wa umbo, hujifunza mapema kuwa mchezo huo una wenyewe.

Dawa ni nyepesi: kila mtoto awe na mpira wake. Usiwe ule wa watu wazima wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, maana huo humkaribia mtoto magotini. Na wa matambara unafaa kabisa. Watoto wa nchi hii wamekuwa wakiusuka wenyewe tangu zamani, ingawa marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliwanyima mafundi hao malighafi yao kuu, hasara ambayo hakuna aliyewafidia.

Mwalimu akipuliza kipenga, kila mmoja ausimamishe mpira wake kwa wayo. Akitamka "simba", wote waukokote mpira hadi "nyumbani" kabla simba, ambaye ni mwalimu mwenyewe, hajawafikia. Waupige kwa mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kuelekea tairi kuukuu, huku wakihesabu kwa sauti. Humo mna hesabu, lugha na mielekeo, wala hapana anayeondolewa mchezoni kwa kushindwa. Nusu saa yatosha.

Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne aushughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kila siku, 60 kati yazo zikiwa za kumfanya aheme. Sijui mtoto anayesomea katika chumba cha chini cha jumba la kukodisha, asiye na ua wa kukimbilia, atazipata wapi dakika hizo.

Wapo watakaosema kwamba ushindani humkomaza mtoto, na kwamba tukiwadekeza hatutampata Victor Wanyama mwingine. Hoja hiyo ina uzito, hususan kwa mzazi anayeiona soka kuwa njia ya kuuaga umaskini. Hata hivyo, tuitazame Norway. Kanuni za michezo ya watoto nchini humo haziruhusu majedwali ya matokeo hadi mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11. Huko ndiko alikokulia Erling Haaland, aliyefunga mabao 36 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2022/23, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Sidai kwamba kanuni hizo ndizo zilizomfanya mfungaji. Nasema hazikumzuia.

Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Basi kaunti ziwaandalie walimu hawa mafunzo mafupi ya michezo ya aina hii, na wakaguzi wao waulize habari za uwanja kama wanavyouliza habari za madarasa. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu nao waijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Si lazima mwalimu awe aliwahi kulisakata gozi, bora awe tayari kuwa simba.

Na siku ya michezo itakapowadia, pesa za kombe zinunue nyuzi. Wazazi waje na matambara asubuhi, washone mipira pamoja na watoto wao, kisha waingie uwanjani wakimbizwe nao.