Mkorogo wa karatasi

Hivi ni nani aliyetudanganya kwamba karatasi ikiwa nyeupe ndiyo safi? Dada zetu wanaojipaka mkorogo tumewasema mpaka basi, lakini karatasi ya chooni nayo imepakwa mkorogo, tena mkali, na hakuna anayepiga kelele. Leo napiga mimi.

Nenda Shume, hapa juu ya Lushoto, uone misonobari. Pasua gogo moja, hutakuta weupe wa kung'aa humo. Zaidi ya robo ya mti ule ni lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi hadi mti usimame wima. Kiwandani vipande vya mti hupikwa kwa kostiki soda na chumvi za salfa, lignini nyingi ikayeyuka na kutoka. Asilimia chache hubaki zimeng'ang'ania nyuzi, na ndizo zinazoipa karatasi rangi ya kaki. Karatasi hiyo ni imara, saruji inabebwa humo. Ningependa shughuli iishie hapo.

Lakini wapi! Mteja anataka nyeupe. Basi lignini iliyobaki inafuatwa hukohuko ilikojificha. Ichukulie kama wavu wa mvuvi ambao kila fundo ni pete ya kaboni 6. Gesi ya klorini ikiingia inakata nyuzi za wavu, halafu inang'oa haidrojeni kwenye pete na kukaa yenyewe mahali pake. Kisha vyote vinaoshwa. Karatasi inatoka nyeupe pee, watu wanashangilia. Na lignini? Haikufa jamani! Imekatwa vipande, imevishwa klorini, inaondoka na maji machafu ikiwa klorofenoli na, kwa kiasi kidogo sana lakini cha kutisha, dioksini, ambayo hujikusanya kwenye mafuta ya samaki na baadaye ya mla samaki.

Waulizeni majirani zetu wa Webuye, Kenya. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kazi 1974, kikitumia klorini, na maji yake yakaishia mto Nzoia unaokwenda Ziwa Victoria. Watu walilalamikia harufu na maji miaka nenda rudi. Kiwanda kilipofungwa 2009 walilia tena, safari hii kwa ajili ya ajira, na siwalaumu. Mwenye njaa hachunguzi pete za kaboni.

Najua wataalamu watanijibu kwamba siku hizi kuna dioksidi ya klorini. Kweli kabisa. Hiyo huipasua pete yenyewe badala ya kuivisha klorini, na mabaki yake mengi ni asidi ambazo vijidudu huzila kwa urahisi zaidi. Wengine hutumia oksijeni na ozoni. Ni afadhali kubwa, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia 2004, unataja wazi utengenezaji wa karatasi kwa gesi ya klorini kuwa chanzo cha dioksini. Lakini swali langu liko palepale: weupe huo ni wa kazi gani?

Gazeti nalo halina weupe wa kudumu. Mti wake husagwa tu, lignini inabaki, ndiyo maana ukilianika juani siku chache linageuka njano. Asubuhi linasomwa, jioni linafungia vitumbua. Nani amewahi kulalamika?

Mimi niliwahi kurudishiwa barua na ofisi moja eti karatasi niliyotumia ni ya kijivu, haina hadhi. Walisoma rangi, hawakusoma barua! Ofisi hiyohiyo inapokea bahasha za kaki bila kinyongo (na sisi waandishi tunazijua bahasha hizo kupita kiasi, lakini hayo tuyaache).

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, bidhaa ngapi zimeingia kwenye mifuko ya kaki, na dunia haikusimama. Mgololo kule Mufindi wanatengeneza karatasi ya kaki kwa misonobari yetu wenyewe. Kwa hiyo sijaomba muujiza. Vitabu vya picha viacheni vyeupe. Karatasi za chooni, bahasha, na madaftari ya kufanyia hesabu za kufuta na kurudia, vileteni na rangi yake. Wenye maduka pale stendi ya Lushoto, mkileta daftari la kaki, kumi za kwanza niwekeeni mimi.