Alama za Mwaka Jana si Ahadi



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka Uganda, malalamiko ni yale yale: "Mwaka jana kozi hii ilichukua wenye alama hizi, mwanangu amezipita, vipi akose ufadhili wa serikali?" Wengine huongeza kuwa alama zimepandishwa makusudi kuwazuia watoto wetu. Tunasema wazi: uvumi huo unatudhuru sisi wenyewe, kwa sababu anayeamini mlango umefungwa haendi kuugonga.

Ukweli ni huu. Serikali hulipia wanafunzi wapya takriban 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Waombaji hupangwa kuanzia mwenye alama nyingi, na nafasi za kozi zikijaa, alama za aliyeingia wa mwisho ndizo huitwa kiwango cha mwaka huo. Kiwango ni matokeo ya ushindani, hakiwekwi kabla. Mwaka 2023 watahiniwa walikuwa takriban 110,000. Mwaka 2024 wakafika takriban 141,000. Nafasi za serikali hazikukua hivyo. Basi nani ashangae kiwango kikipanda?

Tazameni pia hesabu yenyewe, kwa utaratibu uliotumika miaka mingi. A ni 6, B ni 5. Masomo mawili ya lazima huzidishwa mara tatu, la tatu mara mbili. Anayetaka udaktari akipata A ya Biolojia, A ya Kemia na B ya Fizikia, ana 18, 18 na 10, jumla 46, kabla ya nyongeza ndogo za masomo mengine na za Kidato cha Nne. Kemia ikishuka kuwa B, amepoteza 3. Hata alama 1.5 wanazoongezewa wasichana tangu mwaka 1990 hazizibi pengo hilo.

Lakini hatuwaachi wakubwa wakapita bure. Kwa miaka mingi wanafunzi walijaza fomu kabla hata ya kukaa mtihani, wakiongozwa na alama za mwaka uliopita tu. Huko ni kumpa kijana ramani ya jana atembelee njia ya leo. Tunataka idadi ya nafasi za kila kozi itangazwe mapema, na hesabu ielezwe kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini ataielewa.

Nasi tuna wajibu. Tuwafundishe watoto kuhesabu alama zao tangu Kidato cha Tano. Wajue kuwa tangu mwaka 2005 kuna nafasi za wilaya, ambazo mtoto hushindana na wenzake wa wilaya yake. Wapange kozi ya kwanza kwa matumaini na nyingine kwa tahadhari. Aliyepitwa kwa nusu alama si mjinga, na asiachwe akae nyumbani akilaumu watu.