Barafu ya bahari ni shamba, si maji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha kwa miaka kadhaa.

Kila redio inapotangaza kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka, sisi walimu huwaambia watoto kuwa bahari itajaa na visiwa vitazama. Mwaka huu mwanafunzi wangu wa Darasa la Sita aliniuliza: "Mwalimu, barafu inayoelea si imo majini tayari? Itajazaje tena?" Nilikosa jibu. Siku ya gulio niliomba kipande cha barafu kwa muuza soda, nikakitia katika bilauri, nikaijaza maji hadi ukingoni. Kipande kiliyeyuka chote na maji hayakumwagika. Mtoto alisema kweli.

Barafu inayoinua bahari ni ile iliyolala juu ya nchi kavu, kama ya Greenland na bara la Antaktika. Barafu ya bahari, yaani maji ya bahari yaliyoganda na kuelea, karibu haiongezi kitu. Je, ndiyo kusema ikiyeyuka hakuna hasara? La hasha! Hasara ipo, tena kubwa, ila ni ya namna nyingine.

Barafu hiyo ni shamba lililogeuzwa juu chini. Upande wake wa chini huota mimea midogo sana. Katika bahari ya kusini kuna viumbe wadogo wa jamii ya kamba waitwao krili. Wakati wa baridi krili wachanga huishi kwa kukwangua mimea hiyo. Nao krili huliwa na samaki, sili, pengwini na nyangumi. Shamba likitoweka, wote hao wana njaa.

Kwa wengine barafu ni nyumba pia. Pengwini wakubwa kuliko wote hulea vifaranga juu yake. Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, ilivunjika kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Picha za setilaiti zilionyesha kuwa kati ya makundi matano ya eneo hilo, manne yaelekea yalipoteza vifaranga vyote. Mwaka 2023 barafu ya kusini wakati wa baridi ilikuwa ndogo kuliko mwaka wowote tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, waandishi wa vitabu vya sayansi na watangazaji wa redio watenganishe barafu hizi mbili. Pili, mataifa yanayopeleka meli kuvua krili, ili kutengeneza chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta, yapunguze uvuvi huo. Mkulima mwenye akili hali mbegu yake mwaka wa ukame.

Tukiendelea kuihesabu barafu hiyo kuwa ni maji tu, siku itakapokwisha tutapima kina cha bahari, tutaona hakikubadilika, nasi tutasema hakuna kilichopotea.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.