Pazia Limepasuka, Msilishone Tena

Bwana wetu alipokata roho msalabani, pazia kubwa la hekalu lilichanika, na mpasuko ulianzia juu, mahali ambapo mkono wa mwanadamu haukufika (Mathayo 27:51). Mungu mwenyewe alifungua njia. Leo wapo wanaoshika sindano na uzi kulishona tena, na wanafanya hivyo kwa jina la Yesu.

Sisi waamini wa Nyakunguru, huku Tarime na Serengeti, tunawasikia. Wanasema maombi ya mama mkulima hayafiki mbali mpaka yapitie kwa mtumishi mwenye upako. Kumwona mtumishi huyo kuna sadaka yake. Mafuta yana bei, maji yana bei, hata kitambaa kina bei. Asiye na fedha auze kuku, na akikosa kuku, anaambiwa imani yake ni haba.

Tunajua kwa nini neno hili linapata wasikilizaji kwetu. Katika mila za Kikuria, mambo mazito ya kiibada yalikuwa mikononi mwa inchama, baraza la siri la wazee. Kijana na mwanamke hawakuketi humo. Wazee tunawaheshimu, lakini kanisa si inchama. Mbele za Baba hakuna kikao cha siri ambacho mtoto wake anazuiwa mlangoni.

Tuulize Maandiko. Hana hakuwa kuhani. Aliomba kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania mlevi. Mungu alimsikia yule ambaye kuhani hakumwelewa (1 Samweli 1). Mtoza ushuru alisimama mbali, akaomba maneno machache tu, akarudi nyumbani amekubaliwa (Luka 18). Kornelio alikuwa askari wa Kirumi, tena hajabatizwa, na maombi yake yalifika kwa Mungu kabla Petro hajabisha hodi (Matendo 10). Ni nani kati yao aliyelipa kiingilio?

Watatujibu: Je, Yakobo hakuagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa? Aliagiza, nasi tunawaita. Lakini someni sura hiyo ya 5 mpaka mwisho. Wazee wanaitwa, hawanunuliwi. Kisha waamini wote wanaagizwa kuombeana, na Eliya anatajwa kuwa mtu mwenye hali kama yetu. Karama ya kuombea wagonjwa ipo, na hatuikani. Tunachokataa ni karama kugeuzwa duka. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Petro alimkemea vikali (Matendo 8). Kama kununua ni dhambi, kuuza kutakuwaje utumishi?

Jambo hili si la maneno tu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Walikuwa wanamtafuta Mungu. Nani aliwafundisha kwamba Mungu yuko uwanjani kuliko alivyo jikoni mwao? Na mama anayetumia nauli ya zahanati kununua chupa ya mafuta, mtoto akiwa anawaka homa mgongoni, nani atamjibia siku ya hukumu?

Kanisa la Mara halikukua kwa njia hiyo. Wamisionari wa Mennonite walifika Shirati mwaka 1934. Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulipofika ukanda huu katika miaka ya 1940, watu wasio na cheo walisimama wakaungama, wakaomba na kushuhudia, Mwafrika na Mzungu wakipiga magoti pamoja. Hakuna aliyewakatia tiketi.

Kwa hiyo tunawaambia watumishi: ombeni pamoja nasi, tufundisheni kuomba, lakini msisimame mlangoni. Mpatanishi ni mmoja, naye ameshalipa. Nanyi akina mama, vijana, wachunga ng'ombe, wachimbaji, nanyi msiojua kusoma: ombeni kwa Kikuria, kwa Kingoreme, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, shambani na kitandani. Mgonjwa mpelekeni zahanati, mkimwombea njiani. Mlango uko wazi, na aliyeufungua hadai hata senti moja.