Kodi kwa intaneti Lubumbashi: kodi ni ngapi, na kuilipa ni ngapi?

Kulipa kodi kwa simu ao kwa ordinateri kunasifiwa kama njia ya kupunguza safari, mistari mirefu na pesa ya mkononi kwa ajenti. Faida hiyo iko. Lakini kwa muuzaji wa Kampemba ao wa soko la Kenya kunabaki swali: juu ya nini pesa yenye inatoka inapita ile yenye alihesabu?

Ni kwa sababu kuko bei mbili. Ya kwanza ni kodi yenyewe, ile sheria imeandika. Ya pili ni gharama ya kuifikisha: mega za intaneti, komisio ya banki ao ya pesa kwa simu, malipo ya sekretariati ya umma yenye inakujazia fomu, ao abonema ya programu ya hesabu yenye inajirudilia bila kukuuliza. Bei hii ya pili haiingie katika sanduku la serkali, lakini inatoka katika mfuko ule ule.

Tuchukue TVA. Kiwango chake cha kawaida ni 16%, na deklarasio inawekwa kila mwezi, mwisho tarehe 15 ya mwezi wenye unafuata. Tuseme kila deklarasio inakula franka 10 000 za mega, komisio na fomu: kwa mwaka ni 120 000. Kampuni kubwa ya migodi haitaziona. Muuzaji mdogo ataziona. Gharama yenye haifuate mapato inalemea mdogo kuliko mkubwa.

Wanainchi wanajua namna hiyo tangu RAM, ile takse ya simu yenye ilianza Septemba 2020. Simu ya 2G ilidaiwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G ao 4G dola 7, na pesa ilikuwa inakatwa kidogo kidogo ndani ya inite. Mwanafunzi wa Ruashi na bosi wa muji, wote walidaiwa sawasawa. Kisha kelele nyingi, ndani ya Bunge na inje yake, RAM iliondolewa 2022. Hasira haikuwa juu ya dola tu. Ilikuwa juu ya kukatwa bila kuulizwa.

Katiba, kwa kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kwa hiyo mwenye kulipa ako na haki ya kuuliza, mbele ya kubonyeza: hii ni kodi ao ni komisio? Inaenda kwa nani: DGI, DGRAD, DRHKAT ya provensi, ao mwenye programu? Nitapata karatasi gani? Kama ni kodi, jina lake na sheria yake vijulikane. Kama ni komisio, inaweza kulinganishwa na ya banki ingine. Na kama programu inaomba namba ya simu ao ya konti kwa ajili ya «kujaribu bure», ni vizuri kujua siku gani bure inaisha.

Serkali nayo ina kazi: kuonyesha jumla yote, kodi pembeni na gharama pembeni, mbele pesa haijatoka. Mtu mwenye anajua anacholipa hachoke haraka kulipa. Mwenye anashitukizwa kila mwezi atarudilia pesa ya mkononi, na pale serkali ndiyo itapoteza.